Kiti kimoja kati ya saba: Jackie Goldberg na chaguzi za bodi ya elimu Los Angeles

Machi 5, 2019, wapiga kura wa Eneo la 5 la bodi ya elimu ya Los Angeles walipewa karatasi yenye majina ya wagombea kumi wa kiti kimoja. Kura zilipohesabiwa, Jackie Goldberg, mwanamke wa miaka 74, alikuwa amezoa asilimia 48. Mbali nyuma yake alikuwapo Heather Repenning mwenye asilimia 13 hivi, naye alimpita Graciela Ortíz kwa kura 31 tu. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu ya kura zote, wawili wa kwanza walirudi uwanjani Mei 14, na Goldberg akashinda kwa zaidi ya asilimia 70.

Goldberg alikuwa amekwisha kuwa diwani wa jiji hilohilo na mbunge wa jimbo la California. Kwa nini arudi uzeeni kuomba ujumbe wa bodi ya shule? Na kwa nini kiti ambacho wakazi wengi hawamjui hata anayekikalia kivute mamilioni ya dola kila uchaguzi? Majibu hupatikana ukifuata mambo mawili kwa pamoja: bodi yenyewe ina mamlaka gani, na nani analipia vipeperushi vya mgombea. Wasifu wa mgombea peke yake hautoshi, hata ukiwa mrefu kama wa mama huyu.

Bodi hii si ile tunayoijua

Tuliosoma Afrika Mashariki tunaijua bodi ya shule kama kikao cha wazazi na viongozi wa mtaa wanaosimamia shule moja. Kenya, chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, wajumbe wa bodi ya usimamizi ya shule huteuliwa na bodi ya elimu ya kaunti. Tanzania, shule ya msingi ina kamati yake na sekondari ina bodi yake, lakini mishahara ya walimu na mitaala ni mambo ya serikali kuu. Mjumbe anaweza kupigania choo kipya au uji wa wanafunzi. Hawezi kumwajiri au kumfukuza mkuu wa elimu wa mkoa.

Los Angeles ni hadithi nyingine kabisa. Wilaya yake ya shule, LAUSD, ni ya pili kwa ukubwa Marekani baada ya New York. Mwaka 2024/25 ilikuwa na wanafunzi zaidi ya laki nne, na bajeti yake ilizidi dola bilioni 18. Mipaka yake inapita ile ya jiji la Los Angeles na kuingia katika miji mingine zaidi ya 20, mingine yote na mingine vipande. Juu ya yote hayo wamekaa watu saba waliochaguliwa na wananchi, kila mmoja kutoka eneo lake, kwa muhula wa miaka minne. Ndio wanaoajiri mtendaji mkuu, wanaopitisha bajeti, wanaoidhinisha mikataba ya mishahara na vyama vya wafanyakazi, na wanaoamua shule fulani ifungwe au ibaki.

Meya wa jiji hana kauli hapo. Antonio Villaraigosa alijaribu mwaka 2006 kupata sehemu ya mamlaka hayo kupitia sheria ya jimbo, na mahakama ikaitupa sheria hiyo. Anayetaka kubadili mwelekeo wa shule za Los Angeles hana budi kupata kura nne kati ya saba. Ukiwa na tatu, unahitaji kiti kimoja zaidi. Hapo ndipo fedha zinapoanza kumwagika.

Kwa miaka mingi kazi yenyewe ililipa kidogo. Hadi 2017 mjumbe alipata dola 45,637 kwa mwaka, na wengi walilazimika kuwa na kazi nyingine. Mwaka huo kamati ya mapitio ya malipo ilipandisha kiwango hadi dola 125,000 kwa mjumbe asiye na ajira nyingine. Wapo waliolalamika. Mimi naona lilikuwa jambo la haki: bodi yenye mabilioni mkononi haifai kuachiwa wenye mali au wenye waajiri wanaowavumilia.

Mwalimu wa Compton

Goldberg alizaliwa Los Angeles mwaka 1944, akasoma Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Alikuwapo pale mwaka 1964, chuo kilipowapiga marufuku wanafunzi kuweka meza za siasa langoni. Oktoba mosi polisi walimkamata kijana mmoja, wakamwingiza garini, na wanafunzi wakalizingira gari lile lisiondoke kwa saa 32, huku wasemaji wakipanda juu ya paa lake kuhutubia. Goldberg alikuwa miongoni mwa viongozi wa vuguvugu hilo la uhuru wa kusema. Baadaye akaenda Chicago kwa shahada ya uzamili ya ualimu, akarudi kufundisha Compton, mji wa watu Weusi wengi wenye kipato kidogo kusini mwa Los Angeles. Alikaa darasani huko zaidi ya muongo mmoja.

Mwaka 1983 aligombea bodi ya LAUSD kwa mara ya kwanza na kushinda. Jiji lilikuwa limetoka kwenye vita vikali vya kuwasafirisha watoto kwa mabasi ili kuchanganya Weusi, Walatino na Wazungu katika shule moja. Wapo waliojijengea jina la kisiasa kwa kupinga mabasi hayo tu. Tangu 1979 wajumbe walikuwa wakichaguliwa kwa maeneo badala ya wilaya nzima, jambo lililomwezesha mgombea asiye na fedha nyingi kushinda kwa kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Alikaa mihula miwili, hadi 1991, na kuwa rais wa bodi.

Katika kipindi hicho kuna jambo ambalo vipeperushi vya baadaye havikuligusa sana. Mei 1989 walimu wa Los Angeles waligoma kwa siku tisa wakidai nyongeza ya mishahara, na Goldberg alikuwa amekaa upande wa mwajiri. Miaka 30 baadaye chama kilekile cha walimu, UTLA, ndicho kilichompigia debe kwa nguvu zote. Anayetaka kumwelewa mjumbe wa bodi asisahau hili: uliyemchagua akutetee ndiye utakayemkuta mezani ukienda kudai mshahara.

Baada ya hapo akaingia baraza la jiji, 1993 hadi 2000, akiwa nyuma ya sheria ya 1997 iliyozitaka kampuni zenye mikataba na jiji kulipa mshahara unaotosha kuishi. Kisha bunge la jimbo, 2000 hadi 2006, alikoongoza kamati ya elimu.

Chanzo cha ugomvi: shule za mkataba

Wakati Goldberg hayupo, uwanja ulibadilika. California ilipitisha mwaka 1992 sheria ya kuruhusu shule za mkataba: shule zinazolipiwa na kodi za wananchi na zisizotoza ada, ila zinaendeshwa na asasi binafsi zisizo za kiserikali, nje ya kanuni nyingi za wilaya, na nyingi kati yake hazina chama cha walimu. Los Angeles ikawa na wanafunzi wengi katika shule hizo kuliko wilaya nyingine yoyote nchini, kiasi cha mtoto mmoja kati ya watano.

Watetezi wake wanasema mzazi maskini amepata mahali pa kukimbilia, na hawasemi uongo. Zipo shule za mkataba zilizowafikisha vyuoni watoto ambao shule za jirani ziliwakatia tamaa. Wapinzani wanasema fedha humfuata mwanafunzi, kwa hiyo kila anayehama huiacha shule ya zamani na gharama zilezile za jengo, basi na umeme, mapato yakiwa yamepungua. Nao pia wana hoja.

Mvutano huu unaonekana kwa macho pale shule mbili zinapokaa uwanja mmoja. Wapiga kura wa jimbo waliidhinisha mwaka 2000 pendekezo namba 39, linaloitaka wilaya kuzipatia shule za mkataba nafasi katika majengo ya umma. Sasa chumba gani ni kitupu? Chumba kisicho na darasa la kudumu kinaweza kuhesabiwa kuwa kipo wazi, na walimu wa shule mwenyeji wakajikuta wakipoteza chumba cha kompyuta, cha muziki, au kile wazazi walichokuwa wakikutania. Watoto wa shule mbili hugawana uwanja wa michezo na bwalo la chakula kwa ratiba. Bodi ndiyo inayoandika kanuni za ugawaji huo, na bodi ndiyo ya kwanza kuamua kama shule mpya ya mkataba ipewe kibali.

Kwa hiyo kura nne za bodi zina thamani kubwa kwa pande mbili zenye uwezo: UTLA yenye wanachama zaidi ya 30,000, na muungano wa shule za mkataba unaoungwa mkono na matajiri wa ndani na nje ya California. Mwaka 2013 Michael Bloomberg, aliyekuwa meya wa New York, upande wa pili wa nchi, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya uchaguzi wa bodi hii. Mwaka 2017 rais wa bodi, Steve Zimmer, aliyekuwa mwalimu, aling'olewa na Nick Melvoin, naye aliyekuwa mwalimu. Wote wawili walikuwa wameingia ualimu kupitia mpango uleule wa kuwapeleka wahitimu wa vyuo kwenye shule za maskini. Kwa wasifu wao ungedhani ni ndugu wa kisiasa. Fedha zilisema vingine: Reed Hastings, mwanzilishi mwenza wa Netflix, alikuwa ameupa mkono wa kisiasa wa muungano wa shule za mkataba, uliokuwa upande wa Melvoin, karibu dola milioni saba, na uchaguzi ule ukawa wa gharama kubwa kuliko uchaguzi wowote wa bodi ya shule katika historia ya Marekani hadi wakati huo, takriban dola milioni 15.

Mtu anaweza kuuliza: hakuna ukomo wa michango? Upo, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Mchango anaopewa mgombea moja kwa moja una kikomo, zaidi kidogo ya dola elfu moja kwa mchangiaji katika chaguzi hizo. Lakini kamati huru, yaani kundi linalotumia fedha bila kupanga pamoja na mgombea, halina kikomo, kwa sababu Mahakama ya Juu ya Marekani inahesabu matumizi hayo kuwa sehemu ya uhuru wa kusema. Mkazi anafungua sanduku la barua anakuta karatasi nene yenye rangi, picha ya mtoto akitabasamu upande mmoja na picha ya mgombea iliyotiwa kiza upande wa pili. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, sheria inalazimisha paandikwe nani amelipia na kwamba mgombea hakuidhinisha. Mstari ule mdogo una habari kuliko karatasi nzima.

Jinsi kiti kilivyobaki wazi

Mshindi wa Eneo la 5 mwaka 2015 alikuwa Ref Rodriguez, mmoja wa waanzilishi wa mtandao wa shule za mkataba. Septemba 2017, wiki chache tu baada ya upande wake kupata wingi na yeye kuwa rais wa bodi, waendesha mashtaka walimfungulia kesi. Alikuwa amewatumia jamaa na marafiki kuichangia kampeni yake kwa majina yao, kisha akawarudishia fedha kutoka mfukoni mwake, karibu dola 24,000 kwa jumla. Kinachouma ni kwamba sheria ilimruhusu kutumia fedha zake mwenyewe kwenye kampeni yake waziwazi. Kosa lilikuwa kuwaonyesha wapiga kura kwamba anaungwa mkono na watu wengi wa kawaida, wakati fedha ni zake.

Aliacha urais lakini akabaki na kiti, na kura yake ikaendelea kuhesabiwa. Mei 2018 bodi ilimwajiri Austin Beutner, mtu wa benki na uwekezaji asiye na historia ya kuendesha shule, kuwa mtendaji mkuu, kwa kura tano dhidi ya mbili. Julai mwaka huo Rodriguez alikiri mahakamani kosa la kula njama na mengine madogo, akajiuzulu. Wakazi wa Eneo la 5 wakakaa bila mjumbe hadi Mei 2019.

Katikati ya pengo hilo walimu waligoma. Januari 14, 2019, chini ya mvua kubwa, makumi ya maelfu waliingia barabarani wakidai madarasa yenye wanafunzi wachache, wauguzi na wakutubi shuleni. Mgomo ulidumu siku sita za masomo. Goldberg hakuwa na haja ya kuanzisha ujumbe wa kampeni kuanzia sifuri. Ujumbe ulikuwa umeshatembea mitaani kabla yake. Alikuwa mwalimu, alijua bodi, na alisema wazi kwamba shule za kawaida zimenyimwa fedha na shule za mkataba zinahitaji kudhibitiwa.

Mpinzani wake wa duru ya pili, Repenning, alikuwa msaidizi wa zamani wa meya Eric Garcetti, akiungwa mkono na SEIU Local 99, chama cha wapishi, wasafishaji, madereva wa mabasi na wasaidizi wa walimu. Muungano wa shule za mkataba ulikaa pembeni. Hivyo aliyedhani uchaguzi huu ni walimu dhidi ya matajiri alikosea: katika duru ya mwisho, wafanyakazi wa shule zilezile walikuwa wamegawanyika pande mbili.

Kulikuwa na suala zito zaidi, na sidhani lilijibiwa. Wakati huo Eneo la 5 lilikuwa vipande viwili vilivyoshikana kwa ukanda mwembamba. Kaskazini kulikuwa na vitongoji kama Eagle Rock na Los Feliz, ambako Wazungu wenye uwezo ni wengi na hupiga kura. Kusini-mashariki kulikuwa na miji ya wafanyakazi kama Huntington Park, South Gate na Maywood, ambako karibu kila mtu ni Mlatino. Karibu wanafunzi tisa kati ya kumi wa eneo hilo walikuwa Walatino. Wazazi wengi wa kusini si raia, hivyo hawana kura, na watoto wao hawajafika umri. Wapo waliosema kiti hiki kilipaswa kwenda kwa mtoto wa jamii hiyo. Zile kura 31 zilizomzuia Ortíz, Mlatina kutoka Huntington Park, kuingia duru ya pili zilifanya swali hilo lisipate nafasi ya kupigiwa kura ana kwa ana.

Alichoweza, na alichoshindwa

Goldberg aliapishwa Mei 2019, na kipimo cha kwanza kikaja baada ya wiki chache tu. Tangu pendekezo namba 13 la 1978 lilipobana kodi za majengo California, wilaya ya shule haiwezi kujipandishia kodi hiyo. Fedha nyingi hutoka jimboni. Mlango mmoja uliobaki ni kodi maalumu ya viwanja, ambayo ikipendekezwa na bodi huhitaji theluthi mbili ya kura. LAUSD iliomba senti 16 kwa kila futi ya mraba ya jengo. Juni 4 pendekezo hilo, lililoitwa Measure EE, halikupata hata nusu. Mgombea anayeahidi kupunguza wanafunzi darasani anaahidi kitu ambacho ufunguo wake mara nyingi hauko mikononi mwa bodi, na nadhani wapiga kura wana haki ya kuambiwa hivyo mapema.

Machi 2020 aligombea tena, kwa kuwa alikuwa akimalizia muhula wa mtu mwingine, akashinda katika duru ya kwanza. Mwaka 2023 akawa rais wa bodi. Machi mwaka huo SEIU Local 99, chama kilichompinga 2019, kiligoma siku tatu, walimu wakakiunga mkono, na meya Karen Bass akaingia kusuluhisha hadi nyongeza ya asilimia 30 ikapatikana. Septemba bodi ilipitisha, kwa kura nne dhidi ya tatu, azimio alilolileta pamoja na Rocío Rivas la kuzuia shule za mkataba zisipewe nafasi katika baadhi ya shule zenye wanafunzi wahitaji zaidi. Nne kwa tatu: kiti kimoja kingeligeuza.

Hakugombea tena mwaka 2024. Kiti kilienda kwa Karla Griego, mwalimu aliyeungwa mkono na UTLA, aliyemshinda Graciela Ortíz. Safari hii wagombea wote wawili wa duru ya mwisho walikuwa Walatina.

Kwa wasomaji mlio Marekani, taarifa za nani ametumia kiasi gani katika chaguzi hizi za Los Angeles huwekwa hadharani na Tume ya Maadili ya jiji, kamati huru zikiwemo, na ziko wazi kabla ya siku ya kupiga kura. Los Angeles, uraia ni sharti la kupiga kura. San Francisco ni tofauti: wapiga kura walipitisha mwaka 2016 utaratibu wa kuwaruhusu wazazi na walezi wasio raia kuchagua bodi ya elimu, ukaanza kutumika 2018. Hakimu aliufuta 2022, na mahakama ya rufaa ikaurejesha 2023. Mzazi hujiandikisha upya kwa kila uchaguzi, na idara ya uchaguzi yenyewe inaonya kwamba jina na anwani utakazoandika zinaweza kufikiwa na mamlaka za uhamiaji. Kama makaratasi yako bado yako njiani, zungumza kwanza na wakili wa uhamiaji, kisha ndipo ujaze fomu.